Hewa ya Sayari Isiyofikika Inajulikanaje? Jibu kwa Mwalimu wa Tabata

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule moja ya msingi huku Tabata. Tangu Aprili 2025 imekuwa ikizunguka kwenye simu habari kwamba darubini ya angani imegundua uhai katika sayari iitwayo K2-18b. Niliisoma darasani, na kijana mmoja wa darasa la sita akanyoosha mkono akaniuliza: "Mwalimu, kama hakuna aliyefika huko, wamejuaje kuna hewa gani?" Nilimjibu kwamba wanatumia mitambo mikubwa. Akaketi, lakini nilimwona hajaridhika, na kwa kweli hata mimi sikuridhika na jibu langu. Naomba unieleze kwa kirefu, kwa namna nitakayoweza kuirudisha darasani: hewa ya sayari ya mbali inajulikanaje, na je, ni kweli huko kuna uhai?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Mfikishie kijana huyo salamu zangu, kwa kuwa ameuliza swali ambalo wataalamu wenyewe huulizana kila matokeo mapya yanapotangazwa.

Nianze na jibu lenyewe kwa ufupi, usije ukalitafuta hadi mwisho. Hewa ya sayari ya mbali hujulikana kwa kupima ni rangi zipi za mwanga wa nyota zinazopungua pale sayari inapopita mbele ya nyota hiyo, kwa sababu kila gesi humeza rangi zake maalumu na kuziacha nyingine zipite. Kipimo hicho ni cha kweli na kinaweza kurudiwa na mtu mwingine. Ama kuhusu uhai katika K2-18b, haujagunduliwa. Gesi mbili zimeonekana huko kwa uhakika mzuri, nazo ni methani na kabonidayoksaidi, ile tunayoiita hewa ukaa. Gesi ya tatu, ambayo ndiyo iliyozua habari za uhai, bado haijathibitishwa hata kwamba ipo. Sasa nieleze kwa nini naweza kusema jambo la kwanza kwa uthabiti na la pili kwa tahadhari.

Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa kikamilifu, na huku kwetu ulikuwa mwekundu kuanzia saa mbili na nusu usiku hadi saa nne kasoro dakika chache. Nilikuwa nimesimama ufukweni Kigamboni, mwezi ukiwa juu ya bahari, na rangi yake ilikuwa ya shaba iliyokaa sana bila kusuguliwa. Mzee mmoja aliyekuwa karibu yangu aliuliza swali zuri sana: ikiwa dunia imesimama katikati na kuliziba jua, mbona mwezi hauzimiki kabisa? Jibu la swali lake ndilo mlango wa jibu la mwanafunzi wako. Mwanga ule mwekundu ulikuwa umepenya kwenye ukingo wa dunia, ndani ya hewa tunayovuta, ukapinda kidogo na kuufikia mwezi. Lau kama mtu angekuwa amesimama mwezini saa ile, angeiona dunia kama duara jeusi lililozungukwa na pete nyembamba nyekundu, na pete hiyo ni macheo na machweo yote ya dunia kwa wakati mmoja. Sisi wa Dar es Salaam tunalijua jambo hili kwa macho: jua linapochomoza baharini, ukilitazama kutoka Coco Beach, huwa jekundu, kwa sababu wakati huo mwanga wake unasafiri kiulalo ndani ya hewa nyingi, na hewa hiyo huitawanya rangi ya bluu pande zote na kuiacha nyekundu iendelee na safari.

Wekundu huo, hata hivyo, ni sehemu tu ya kilichobadilika. Ukiutandaza mwanga ule kwa chombo kinachotenganisha rangi moja moja, utakuta kwamba baadhi ya rangi zimepungua sana mahali maalumu, kwa sababu oksijeni imemeza zake, mvuke wa maji umemeza zake, na ozoni imemeza zake. Hili limefanyika kwa darubini ya angani. Mwezi ulipopatwa tarehe 20 na 21 Januari 2019, darubini ya Hubble, ambayo haiwezi kuelekezwa duniani kwa kuwa dunia inang'aa mno kwake, iliuelekea mwezi na kuutumia kama kioo, ikaupima mwanga uliokuwa umepita katika hewa yetu, na ndani yake ikaikuta alama ya ozoni. Kwa maneno mengine, wanasayansi waliitazama dunia kana kwamba ni sayari ngeni, na njia yao ikawapa jibu ambalo sote tulikuwa tunalijua tayari. Nalipenda sana jaribio hilo, kwa sababu mizani hupimwa kwanza kwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana.

Kwa nini kila gesi iwe na rangi zake? Hapa nakuomba uingie jikoni, ukiwa peke yako kwanza kabla ya kuwapeleka watoto. Washa jiko la gesi usiku, zima taa, kisha udondoshe punje chache za chumvi kavu juu ya mwali wa bluu. Papo hapo mwali utageuka njano kali, kisha utarudi bluu punje zikishaungua. Njano hiyo inatokana na sodiamu iliyomo ndani ya chumvi, na urefu wa wimbi lake, yaani kipimo kinachoitofautisha rangi moja na nyingine, ni takribani nanomita 589. Iwe ni chumvi ya Uvinza au ya Bagamoyo, njano ni ile ile. Na sodiamu ile ile ikiwa katika hali ya gesi iliyopoa, ikakutana na mwanga mkali kutoka nyuma yake, badala ya kuitoa njano hiyo huimeza, na palipokuwa na njano panabaki mstari wa giza. Joseph von Fraunhofer aliyachunguza mamia ya mistari ya giza ya namna hiyo katika mwanga wa Jua mnamo 1814. Mwaka 1868 ulionekana katika mwanga wa Jua mstari usiofanana na wa kitu chochote kilichojulikana duniani, nao ukapewa jina la heliamu. Miaka 27 baadaye, mwaka 1895, William Ramsay aliipata gesi hiyo hapa hapa duniani. Mwambie kijana wako kwamba heliamu ilijulikana Juani kabla ya kujulikana duniani, na hakuna aliyefika Juani.

Molekuli, ambazo ni atomu zilizoungana, hufanya jambo linalofanana na hilo. Chukua kabonidayoksaidi: ina atomu moja ya kaboni katikati na atomu mbili za oksijeni ubavuni, na vifungo vinavyoziunganisha hutikisika. Mtikisiko huo una mapigo yake, kama bembea. Ukiisukuma bembea ovyo ovyo, haiendi popote. Ukiisukuma kwa mapigo yake yenyewe, inapokea nguvu yako na kupaa. Mwanga nao ni msukumo wa mapigo, na ni ule tu unaolingana na mapigo ya molekuli unaopokelewa, yaani kumezwa. Kwa kabonidayoksaidi, pigo moja kubwa liko kwenye urefu wa wimbi wa mikromita 4.3. Huo si mwanga wa kuonekana kwa jicho. Ni mwanga wa infraredi, jamaa wa lile joto unalolisikia kwenye kiganja ukikielekeza kwenye jiko la mkaa bila kuligusa. Methani ina mapigo mengine, maji mengine, salfadayoksaidi mengine. Molekuli mbili tofauti zinaweza kulingana katika pigo moja, na jambo hilo litatusumbua hapo mbele, lakini ukipima mapigo mengi kwa pamoja unaweza kuzitofautisha, kama unavyowatofautisha ndugu wawili wenye sauti moja kwa jinsi wanavyotembea.

Sasa tuje kwenye sayari zenyewe. Tangu mwaka 1995, Michel Mayor na Didier Queloz walipotangaza sayari ya kwanza inayoizunguka nyota inayofanana na Jua letu, zimethibitishwa maelfu ya sayari nje ya mfumo wetu. Idadi kubwa mno ya hizo haijapigwa picha kamwe. Hili ni muhimu kulisema darasani, kwa sababu zile picha nzuri za K2-18b zenye bahari ya bluu na mawingu zilizosambaa kwenye simu ni michoro ya wasanii. Darubini haikuiona sayari. Ilichoona ni nyota moja tu, ambayo mwanga wake ulipungua kidogo kwa saa chache kisha ukarudi kama mwanzo.

Upungufu huo ni mdogo kiasi gani? Tarehe 8 Juni 2004 sayari ya Zuhura ilipita mbele ya Jua, ikaonekana hapa Dar es Salaam kuanzia asubuhi hadi mchana kama kitone cheusi kwa waliokuwa na vichujio salama vya macho, na mwanga wa Jua ulipungua kwa chini ya asilimia 0.1. Hakuna aliyekuwa sokoni Kariakoo aliyeona tofauti yoyote. Mtu akiwa mbali sana na kuitazama dunia yetu ikipita mbele ya Jua, ataona upungufu wa sehemu 84 tu katika milioni. Na hizo ni za dunia nzima, mwamba na maji pamoja. Ile pete nyembamba ya hewa kwenye ukingo, ambayo ndiyo tunayotaka kuisoma, ingeongeza yapata sehemu moja tu katika milioni. Ndiyo maana kazi hii huanza na sayari kubwa zenye joto kali, ambazo hewa yake imevimba, na huendelea kuwa ngumu kadiri sayari inavyozidi kufanana na dunia. Mafanikio ya kwanza yalitangazwa mwaka 2001, pale Hubble ilipokuta katika hewa ya sayari HD 209458b, iliyo umbali wa zaidi ya miaka 150 ya nuru (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), alama ya sodiamu: njano ile ile ya chumvi yako ya jikoni, safari hii ikiwa imemezwa.

Darubini iliyobadilisha kazi hii ni James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021 kutoka Kourou katika Guyana ya Kifaransa. Kioo chake kina upana wa mita 6.5, kimeunganishwa kwa vipande 18 vya madini ya berili vilivyopakwa dhahabu, kwa kuwa dhahabu huakisi infraredi vizuri sana. Imewekwa umbali wa takribani kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, nyuma ya kivuli cha tabaka tano kinachokaribia ukubwa wa uwanja wa tenisi, ili ibaki katika ubaridi mkali, maana darubini yenye joto ingejing'aza yenyewe kwa infraredi na kujipofusha. Kwa nini isingejengwa tu juu ya mlima? Kwa sababu hewa yetu ina mvuke na kabonidayoksaidi, na gesi hizo huumeza mwanga ule ule tunaoutafuta, kabla haujatufikia. Mtu anayetafuta hewa ukaa ya sayari nyingine kwenye mikromita 4.3 akiwa ardhini anazibwa na hewa ukaa ya kwetu.

Mfano ulio imara kuliko yote, na ambao ningekushauri uutumie darasani kabla ya K2-18b, ni sayari ya WASP-39b. Ni jitu la gesi lenye uzito unaokaribia wa Zohali, lakini limevimba hadi kuizidi Mshtarii kwa upana, liko umbali wa takribani miaka 700 ya nuru katika kundinyota la Mashuke, na linaizunguka nyota yake kwa zaidi kidogo ya siku nne, likiwa na joto la nyuzi zipatazo 900 za Selsiasi. Tarehe 10 Julai 2022 darubini ya Webb iliitazama nyota hiyo kwa saa kadhaa: kabla sayari haijapita, inapopita, na baada ya kupita. Mwanga ulipungua kwa zaidi kidogo ya asilimia mbili katika rangi nyingi. Lakini kwenye mikromita 4.3 upungufu ulipanda, ukafanya kilima kilichochongoka, kana kwamba sayari ilikuwa imenenepa katika rangi hiyo moja. Na kwa rangi hiyo ilikuwa kweli imenenepa, kwa sababu hewa yake, inayopitisha rangi nyingine, kwa rangi ile ilikuwa ukuta. Ukikichora kilima hicho kwenye karatasi na pembeni yake ukachora jinsi kabonidayoksaidi inavyomeza mwanga maabara, vinalingana.

Wanasayansi hupima uthabiti wa jambo kama hilo kwa kipimo kiitwacho sigma, na nadhani ninaweza kukieleza kwa sarafu. Chukua sarafu ya shilingi mia mbili uirushe. Ikilala upande wa simba mara nane au tisa mfululizo, utaanza kuitilia shaka, ingawa bahati tupu inaweza kuleta hilo mara chache: hiyo ni sawa na sigma tatu hivi. Ikilala upande huo mara ishirini na moja mfululizo, hiyo ni kama sigma tano, na hapo ndipo wanafizikia wengi hukubali kusema "tumegundua". Kabonidayoksaidi ya WASP-39b ilipatikana kwa sigma 26. Katika mwanga wa sayari hiyo hiyo kilionekana pia kilima kidogo karibu na mikromita 4.05, ambacho hakikutarajiwa, na baada ya mjadala kilitambuliwa kuwa ni salfadayoksaidi. Gesi hiyo isingetarajiwa kukaa juu ya sayari ya namna ile isipokuwa kama inatengenezwa humo humo: mwanga wa nyota unavunja molekuli za maji, vipande vyake vinashika salfa iliyomo hewani na kuiunganisha na oksijeni. Kwa mara ya kwanza tuliona kemia inayoendeshwa na mwanga katika sayari iliyo nje ya mfumo wetu, kazi ya aina ile ile inayotutengenezea ozoni hapa kwetu. Nakiri kwamba matokeo haya yananigusa kuliko habari nyingi zilizotangazwa kwa kelele, kwa sababu hakuna aliyeyatafuta. Yalikuwemo kwenye data, yakasubiri watu wenye subira.

Sasa K2-18b. Ilionekana mwaka 2015 kwa darubini ya Kepler, iko umbali wa miaka 124 ya nuru katika kundinyota la Simba, inaizunguka nyota ndogo nyekundu kila baada ya siku 33, ina upana wa dunia mara 2.6 na uzito wake mara 8.6 hivi. Iko katika umbali ambao maji yangeweza kuwa kimiminika, endapo hali nyingine zingeruhusu, na ndiyo sababu inafuatiliwa. Mwaka 2019 vikundi viwili vya watafiti vilivyotumia data za Hubble vilitangaza kwamba hewa yake ina mvuke wa maji, na habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Hubble ilikuwa imeona kilima kimoja tu, karibu na mikromita 1.4, mahali ambapo maji humeza mwanga. Lakini methani nayo humeza mwanga karibu na hapo. Webb ilipoitazama sayari hiyo na matokeo yake kutangazwa mwaka 2023, ikipima rangi nyingi zaidi kwa pamoja, iliona alama za methani na za kabonidayoksaidi waziwazi, na alama ya maji haikuonekana wazi. Wale wa 2019 walikipima kilima vizuri. Walichokosa ni rangi nyingine za kulinganisha, na ndugu mmoja akadhaniwa kuwa mwenzake.

Katika matokeo hayo hayo ya 2023 kulikuwa na dokezo dhaifu la gesi iitwayo dimethili salfaidi. Wewe na mimi tunaijua gesi hii kwa pua, hata kama hatukuwahi kulisikia jina lake. Ukipita Barabara ya Ocean maji yakiwa yamekupwa, ile harufu ya bahari inayokupokea kabla hujayaona maji, sehemu yake ni dimethili salfaidi, inayotokana na mimea midogo mno inayoelea baharini. Hapa duniani karibu yote hutoka kwa viumbe hai. Basi unaona kwa nini jina lake lilisisimua. Mwaka 2024 Webb iliitazama K2-18b tena kwa kifaa kingine, kinachopima infraredi ya mawimbi marefu zaidi, na Aprili 2025 kikundi kinachoongozwa na Nikku Madhusudhan wa Chuo Kikuu cha Cambridge kikatangaza kwamba alama ya gesi hiyo, au ya ndugu yake dimethili daisalfaidi, imeonekana kwa sigma tatu. Kikundi chenyewe kilisema wazi kwamba hicho hakitoshi kuitwa ugunduzi. Maneno hayo ndiyo yaliyopotea njiani habari ilipofika kwenye simu zetu.

Katika wiki zilizofuata watafiti wengine waliichukua data ile ile, maana iko wazi kwa wote, wakaichambua upya. Mmoja alionyesha kwamba mstari ulionyooka tu, usio na kilima chochote, unaelezea vipimo hivyo karibu sawasawa. Wengine walionyesha kwamba ukiongeza orodha ya molekuli unazozijaribu, ziko nyingine kadhaa zinazolingana na vipimo vile vile. Na hapa ningependa kijana wako aelewe vizuri sana maana ya sigma tatu: ni kipimo cha jinsi ilivyo vigumu kwa bahati tupu kutengeneza kilima kile, na si kipimo cha uwezekano kwamba kuna uhai. Ukisema sarafu imelala upande mmoja mara tisa, hujasema bado ni nani aliyeichezea.

Liko pia jambo la pili, ambalo lingebaki hata kama gesi hiyo ingethibitishwa kesho kwa sigma kumi. Mwaka 2024 zilichapishwa ripoti kwamba dimethili salfaidi imeonekana katika data za kimondomkia 67P, kilichotembelewa na chombo cha Rosetta, na kwamba inaweza kutengenezwa maabara kwa kuuangazia mchanganyiko wa gesi kwa mwanga mkali, bila kiumbe chochote kuhusika. Vilevile hatujui K2-18b ni sayari ya namna gani: wapo wanaodhani ina bahari chini ya hewa ya haidrojeni, na wapo wanaodhani ni gesi nene yenye joto hadi ndani, isiyo na uso wa kukanyaga wala wa kuogelea. Mimi nasimama na walio makini: kwa sasa ushahidi wa gesi hiyo ni hafifu, na ushahidi wa uhai haupo.

Sayari za mwamba, zinazofanana zaidi na dunia kwa ukubwa, zina njia yake. Mfumo wa TRAPPIST-1, ulio umbali wa takribani miaka 40 ya nuru, una sayari saba za namna hiyo, kama ilivyotangazwa mwaka 2017. Mwaka 2023 Webb ilipima ile ya ndani kabisa kwa kungoja ijifiche nyuma ya nyota na kuona ni joto kiasi gani limetoweka. Uso wake wa mchana ulikutwa na nyuzi zipatazo 230 za Selsiasi, na joto hilo ndilo linalotarajiwa kwa jiwe lisilo na hewa ya kuuhamishia joto upande wa usiku. Ya pili yake nayo haikuonyesha hewa nene ya kabonidayoksaidi kama ile ya Zuhura. Kwa zile za nje zaidi kazi inaendelea, na kikwazo kikubwa ni nyota yenyewe, ambayo ina madoa ya baridi na ya joto. Baadhi ya madoa hayo yana baridi kiasi cha kuwa na mvuke wa maji ndani ya nyota, na mtu asipojihadhari atauandika mvuke huo kwa jina la sayari.

Mwanafunzi wako hakuuliza kuhusu umri wa mwanga, lakini najua atauliza. Mwanga wa K2-18b uliopimwa mwaka 2024 uliondoka huko karibu mwaka 1900, miaka mitano hivi kabla ya Vita vya Majimaji. Kwa hewa ya sayari hilo si tatizo kubwa, kwa kuwa sayari haibadilishi hewa yake kwa karne moja. Kwa galaksi za mbali ndiko umri unakokuwa jambo lenyewe: galaksi iitwayo JADES-GS-z14-0, ambayo Webb iliipima mwaka 2024, tunaiona ilivyokuwa wakati ulimwengu ulikuwa na umri wa miaka isiyofikia milioni 300, na mwaka 2025 darubini za ALMA kule Chile zikakuta katika mwanga wake alama ya oksijeni. Ni usomaji ule ule wa mistari, isipokuwa mistari yenyewe imevutwa na kurefuka kwa kutanuka kwa ulimwengu, na hakuna aliyetarajia kuikuta oksijeni mapema hivyo.

Ukirudi darasani, fanya hivi. Tafuta CD kuukuu na taa mbili: moja ya uzi wa zamani na nyingine ya mrija uliojikunja, ile ya kuokoa umeme. Kifanye chumba kiwe giza kadiri uwezavyo, shika CD kwa mshazari hadi rangi zijitandaze juu yake. Kwa taa ya uzi, rangi zitafuatana bila kukatika, kuanzia nyekundu hadi zambarau. Kwa taa ya mrija, watoto wataona rangi zimekatika vipande vipande, na katikati yake pana giza, kwa sababu ndani ya mrija kuna zebaki na unga maalumu vinavyong'aa kwa rangi zao tu. Usiwaambie kwanza taa zina nini. Funika taa kwa boksi lenye upenyo mwembamba, badilisha taa bila wao kuona, kisha mwite yule kijana aje aseme ni taa gani inayowaka ndani, bila kulifungua boksi.

Na ukiweza, weka kwenye kalenda tarehe 31 Desemba 2028. Jioni hiyo mwezi utapatwa kikamilifu tena, nasi wa pwani hii tutauona ukiwa mwekundu mapema baada ya giza kuingia, bado ukiwa chini upande wa bahari.